Memori za Kuonja

Kabla hajauza memori za kompyuta, mama mdogo wangu aliuza dagaa. Naanza hapo kwa sababu yeye mwenyewe huanza hapo. Mtu akiingia dukani kwake Igoma, Mwanza, na kuuliza kwa nini vitu vimepangwa kwa mafungu madogo madogo juu ya kitambaa, atamjibu kwamba ndivyo alivyofundishwa mwaloni, soko la samaki la ufukweni, kule kisiwani Nansio. Kitu kikipangwa fungu, mnunuzi anakiona. Kikilundikwa, anaona lundo tu.

Memori zenyewe ni vipande vyembamba vya kijani, virefu kama kidole, vyenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja na pengo katikati ya meno hayo. Zinakuja ndani ya vifuko vya rangi ya fedha vinavyong'aa, na asubuhi jua likipita juu ya paa la mafundi wa mageti waliokuwa ng'ambo ya barabara, meza yake yote ilikuwa inameremeta. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimeingia duka la samaki wa aina nyingine, samaki wasio na harufu.

Nilikuja kwake kusoma chuo Nyegezi. Nikamaliza, nikabaki. Nyuma ya duka, baada ya pazia la kitenge, kulikuwa na nafasi ya meza moja na kiti, na hapo ndipo nilipoanza kuandika riwaya yangu ya kwanza, kwenye laptopu ya mtumba iliyokuwa ikihema kama mbuzi aliyekimbizwa. Niliandika nikisikia biashara upande wa pili wa pazia. Mpaka leo nikisoma kurasa zile za mwanzo nasikia ndani yake watu wakiuliza bei.

Barazani mwa duka alikaa fundi wa kompyuta, mtu wa Bukoba, mpole wa mikono na mkali wa ulimi. Alikuwa na meza yake ndogo, bisibisi zake na chupa ya kahawa ambayo haikuisha. Ndiye aliyenieleza memori ni nini, siku nilipokiri kwamba naishi dukani bila kujua tunauza nini. Alisema kompyuta ni mpishi. Memori ni ile meza anayokatia vitunguu. Meza ikiwa ndogo, kila akitaka kukata nyanya lazima kwanza aondoe sufuria, aondoe kisu, aondoe sahani, ndipo aanze. Ukimwongezea meza hujambadilisha mpishi, ila chakula kinaiva mapema.

Kati yake na mama mdogo utani haukukoma. Fundi alipenda kutukumbusha kwamba kwao watu walijua kahawa na kalamu wakati sisi wa visiwani tulikuwa bado tunafukuza ndege kwenye dagaa. Mama mdogo alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, kisha anasema taratibu, "Na mimi nashangaa, baba. Watu wanaokula senene wanamcheka dagaa kwa ujasiri gani?"

Alihamia kwenye memori kwa sababu ya mvua. Miaka yake ya dagaa alikuwa akinunua Nansio, anaanika juu ya miamba, anainama kuwageuza tangu jua linapotoka, kisha anavusha magunia kwa meli hadi Mwanza na mara nyingine anayapeleka Dar. Wingu moja tu lingeweza kuharibu kazi yote. Huko Dar, karibu na ghala alikoshushia mzigo, kulikuwa na duka la vifaa vya kompyuta. Alikaa pale akingoja gari, akaangalia mwenye duka akitoa vipande vya kijani kwenye sanduku dogo kuliko kikapu chake cha chakula, akiwapa watu, watu wakiondoka wanafurahi. Aliuliza kama vinaoza. Akaambiwa haviozi. Akauliza kama vinanuka, akachekwa. Akauliza kama vinaogopa mvua, na mwenye duka akamwambia vikiwa ndani ya vifuko vyake haviogopi kitu. Kwenye basi la kurudi, anasema, hakulala. Alikuwa anafikiria mzigo ambao ukiona wingu hushtuki.

Kwa miaka kadhaa memori zilimlea vizuri, akanilea na mimi. Wakati wa ule ugonjwa uliozunguka dunia nzima ndipo zilipouzika kuliko wakati wowote. Kila mtu alitaka kompyuta yake iwe nyepesi, na mzigo ukawa haukai mezani. Halafu soko likalegea. Muuzaji wetu wa jumla, aliyekuwa akitupigia simu kutoka Dar, alieleza kwamba huko nje watu waliojifungia majumbani walikwisha kununua kompyuta zao, na mwenye kompyuta mpya hanunui nyingine mwaka unaofuata. Viwanda navyo vilikuwa vimeshakolea, vinaendelea kutoa memori kama mashine ya kusaga iliyokosa wa kuizima. Maghala yalijaa. Bei ikaanza kushuka.

Mama mdogo alisikia neno kushuka akatabasamu. Aliweka simu chini akasema, "Giza limeshiba. Mbalamwezi inakuja."

Mtu ambaye hajakaa kando ya ziwa letu hawezi kuelewa tabasamu lile. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi kwenye usiku wa giza. Mwezi unapokuwa haupo, dagaa wanajaa mwaloni mpaka bei inaanguka. Mwezi ukipevuka, taa za wavuvi hazina maana, mitumbwi inapumzika, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Mfanyabiashara mwenye akili ananunua kwenye giza, anakausha vizuri, anafunga magunia na kukaa kimya. Mwezi hauchelewi. Maisha yake yote mama mdogo alikuwa hajawahi kuona bei iliyoshuka ikakataa kupanda.

Basi akanunua. Yalikuja masanduku ambayo hatukuwa na pa kuyaweka, moja likaziba mlango wa nyuma, jingine nikaweka miguu juu yake wakati wa kuandika. Fundi aliyatazama yakiingia, akamimina kahawa. "Mama," alisema, "hizi hazijui mwezi."

"Kila kinachouzwa kinajua mwezi," alijibu.

Bei ikashuka tena. Na jambo ambalo mwaloni halipo likatokea: kadiri bei ilivyoshuka ndivyo wanunuzi walivyopungua. Mwenye njaa hawezi kungoja dagaa washuke, maana anakula leo. Lakini mwenye kompyuta nzito amekwisha kuizoea, anaweza kuizoea mwezi mwingine. Walikuja, wakauliza, wakashika vifuko, wakaviangalia huku na huku. Kisha wakasema kwa heshima zote kwamba wanangoja kidogo, wamesikia zinashuka. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja mara nyingi hivi kwamba tulikuwa tunamwandalia kiti. Alikuwa akiuliza bei, anafurahi imeshuka, anatupongeza, anaondoka.

Mbaya zaidi, laptopu mpya zilizoanza kuonekana mjini zilikuja na memori ya aina nyingine, yenye pengo mahali pengine kwenye meno. Yetu haiingii hata ukiisukuma. Sanduku zima lililokuwa chini ya miguu yangu lilikuwa la aina ya zamani kabisa, kuliko hata zile za mezani. Niliendelea kuliwekea miguu. Sikuwa na moyo wa kuliondoa.

Mwanzoni mwa masika akaja mwenye fremu, yaani mwenye chumba tulichopanga kwa duka. Ni mzee wa mjini, wa familia ya Kiislamu iliyochanganya damu nyingi na biashara nyingi, kofia yake nyeupe haijawahi kuonekana na vumbi hata barabara ya Musoma ikichimbwa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha yule mwalimu. Alizungumza juu ya mvua, juu ya mafua ya wajukuu, ndipo akafikia alichokuja nacho. Ana mpwa wake anataka kuuza magodoro. Anaona fremu hii imepoa. Hakuja kumfukuza mtu, ila masika yakiisha angependa kujua kama mama mdogo anabaki au anampisha kijana.

Mama mdogo alimsindikiza hadi barabarani kama inavyopasa. Aliporudi alianza kufuta meno ya memori moja kwa kifutio cha penseli, kama fundi alivyomfundisha, maana yakishika ukungu hayashikani vizuri na kompyuta. Alifuta muda mrefu kuliko lazima. Nilijua anachofikiria. Fremu ikiondoka, hakuna kingine ila kurudi kwenye miamba ya Nansio, kuinama. Hakuona aibu kwa dagaa, hata siku moja. Lakini mgongo wake ulikuwa umekwisha kuinama kiasi chake.

Wiki ile ile tulivuka kwenda Nansio. Mama yangu alikuwa anatengeneza mzigo wa shughuli ya ndugu, na alitutaka twende naye kununua dagaa wa kupikia. Mvua ilikuwa imepumzika, ziwa limetulia, na mwaloni wanawake walikuwa wametandaza bidhaa zao juu ya vyandarua. Mama alisimama mbele ya fungu la kwanza. Muuzaji hakusema neno la kusifu. Alichota dagaa wachache akamtilia kiganjani. Mama akatafuna macho yakiwa yamefumba nusu, akisikilizia kama kuna mchanga, kwa sababu dagaa walioanikwa chini hutafunika kama barabara. Akatikisa kichwa, akasogea. Fungu la pili vivyo hivyo. La tatu akatafuna, akatafuna tena, akatandika kanga yake chini na kusema apimiwe. Kwetu huo ndio mtindo. Muuzaji anayekataza kuonja ameshakwambia ana mchanga.

Mama mdogo alikuwa amesimama pembeni. Nilimwona akicheka peke yake, mkono mdomoni. Mama akamuuliza kulikoni.

"Dada," alisema, "mimi niliacha lini kuonjesha?"

Kwenye meli ya kurudi hakuacha kutabasamu. Alikula ndizi, akanipa nusu, akaangalia mawe ya Mwanza yakisogea na nyumba zilizokaa juu yake. Mimi nilikuwa bado sijaelewa kitu.

Nilielewa kesho yake. Alikuja kijana mwanafunzi wa chuo Nyegezi, mwaka wa mwisho, ana tasnifu ya kuandika na laptopu ambayo alisema ukiiwasha unaenda kuoga, ukirudi ndiyo inaamka. Aliuliza bei. Akaambiwa. Akafikiri kidogo, akasema atangoja, anasikia zinashuka.

Mama mdogo hakubishana naye. Alimwita fundi aje amfungulie mashine.

"Lakini sijanunua, mama," kijana alisema.

"Na mimi sijakuuzia. Nakuonjesha."

Fundi aliifungua, akatoa kipande cha zamani, akatia kipya. Cha zamani mama mdogo alikifunga kwenye kipande cha gazeti akampa kijana mwenyewe aweke mfukoni. Akamwambia akae nayo wiki, aandikie, na akiona haina faida airudishe. Hakutaka kitambulisho, hakutaka simu yake, hakutaka rehani. "Ila usinirudishie ina mchanga," alisema, na kijana akacheka bila kujua anacheka nini.

Alipokwisha kuondoka, fundi alikaa chini pole pole.

"Mama, dagaa akitafunwa umepoteza dagaa. Hii ikipotea umepoteza fungu."

"Kwani unadhani mwaloni hawakuwepo waliotafuna wakaenda zao?"

"Walikuwepo?"

"Tele. Wengine walishiba kwangu kabisa. Na bado nilijenga nyumba."

Fundi aliifunika chupa yake ya kahawa. Alisema tu kwamba Bukoba kahawa hunusishwa, haigawiwi.

Wiki ikaisha. Kijana hakuja. Mvua zilinyesha mfululizo, mtaro wa mbele ya duka ukawa mto wa rangi ya chai, na mama mdogo aliendelea kupanga mafungu yake kila asubuhi kama vile hajaona kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikichungulia kupitia pazia kila nikisikia mtu anafuta miguu mlangoni. Riwaya yangu wakati ule ilikuwa na mhusika anayengoja mtu, na naweza kuapa kwamba sura ile ilijiandika yenyewe.

Alikuja siku ambayo hatukumtegemea tena, amelowa, begi amelificha ndani ya koti kama anabeba mtoto. Aliamkia, akatoa laptopu, akatoa kile kipande cha gazeti mfukoni. Alisema amekuja kurudisha. Memori ni nzuri, hana la kulalamika, ila kwa sasa hana uwezo, na amechelewa kwa sababu ya mvua. Alizungumza akiangalia meza.

Mama mdogo akamshukuru kwa uaminifu. Fundi akatoa kipya, akarudisha cha zamani, akafunga skrubu. "Iwashe tuone kama nimekurudishia salama," akasema.

Kijana akaiwasha. Tukangoja. Fundi alijimiminia kahawa, akanywa. Kile kiduara kilizunguka. Mama mdogo alipanga upya fungu ambalo lilikuwa limepangika. Ilipoamka, kijana akafungua tasnifu yake, na mashine ikafikiri, ikahema, ikatoa ukurasa wa kwanza nusu. Aliangalia ile nusu. Alikuwa ameishi na uzito ule miaka yote ya chuo na hakuwahi kuuona. Sasa alikuwa anauona.

"Mama," alisema, "naomba unirudishie ile."

Hakuna aliyecheka, ingawa fundi aligeukia barabarani ghafla. Walikubaliana atalipa kidogo kidogo mpaka amalize, na mama mdogo akamwambia maneno ambayo nilikuja kuyasikia mara nyingi baadaye, kwamba hakuna haraka, ila awaambie wenzake mwaloni ni wapi. Aliwaambia. Walikuja wawili, kisha wakaja kundi zima, wamebeba laptopu za kila umri, nyingine zimefungwa kwa mpira, moja haina kitufe cha herufi A na mwenyewe ameizoea.

Masika yale duka likawa mahali pa kuonja. Mwalimu wetu wa sekondari alionjeshwa kwa lazima. Alikaa na memori siku chache, akarudi ana uso wa mtu aliyeshindwa vita, akanunua bila hata kuuliza kama imeshuka. Walikuja wenye vibanda vya kuchapa barua, akaja sista mmoja anayetunza hesabu za zahanati. Si wote walionunua. Wapo waliorudisha kwa moyo mweupe, na yupo mtu mmoja wa miwani myeusi aliyeondoka na memori mbili, anaonja hadi leo. Mama mdogo humtaja bila chuki, kama mtu anavyomtaja ndege aliyempoka dagaa mwambani.

Soko lenyewe halikupona. Bei iliendelea kulala, muuzaji wa Dar aliendelea kulalamika kwenye simu, na mbalamwezi aliyoingoja mama mdogo haikutokea kwa memori zile. Alikubali, kwa njia yake. Siku moja alimwambia fundi, "Ulisema kweli, hazijui mwezi." Fundi akaomba arudie ili majirani wasikie. Hakurudia.

Mvua zilipokata, mwenye fremu akaja. Mpwa wake alikuwa naye, kijana mtaratibu, ameshika futi ya kupimia, ameificha nyuma. Walikuta benchi la barazani limejaa watu na laptopu zao magotini, mmoja akimwambia mwenzake kwamba usionje kama huna mpango wa kununua, maana utaumia. Mzee alisimama akisikiliza. Kisha akamuuliza mama mdogo anaonjesha nini, naye akamweleza yote, kuanzia mchanga.

Mzee alicheka mpaka akashika kofia. Alisema marehemu baba yake aliuza kanga pale mjini, na alikuwa akiwaruhusu wanawake waende nazo nyumbani wakajitande mbele ya wifi zao. Kanga iliyokwisha kusifiwa na wifi hairudi dukani. Alisimulia hivyo huku akiangalia ndani ya duka, akipima kwa macho kile ambacho mpwa wake alitaka kukipima kwa futi.

"Sasa niambie, mwanangu," alisema mwishowe. "Unabaki?"

"Nabaki, mzee. Na huyu fundi anaingia ndani, tutashirikiana kodi. Barazani anapigwa na vumbi mpaka kahawa yake inatafunika."

"Basi baki. Kijana nitamtafutia upande wa pili, kuna anayehama. Ila lile sanduku lililoziba mlango wa nyuma liondoe, siku moja utaniulia mtu."

Tuliliondoa siku ileile, sote watatu. Sasa fundi ana meza karibu na dirisha, na utani wao, kwa kuwa wamekaribiana, umekuwa wa sauti ya chini. Lile sanduku jingine, la aina ya zamani kabisa, bado liko chini ya meza yangu nyuma ya pazia. Kila baada ya muda anakuja mtu mwenye kompyuta ya kizee hivi kwamba hata fundi anaiamkia, na mimi nainua miguu, tunatoa kipande kimoja.

Jambo moja sijalisema. Siku ya pili baada ya kutoka Nansio, kabla ya mtu mwingine yeyote kuonjeshwa isipokuwa yule kijana, niliporudi kutoka kununua vitumbua nilikuta laptopu yangu imefunguliwa na kufungwa tena. Niliiwasha, ikaamka kabla sijakaa. Nilisogeza pazia nikamwangalia. Alikuwa anapanga mafungu.

"Onja," alisema bila kugeuka. "Ukimaliza hicho kitabu chako utaniambia kama inafaa."

Kitabu nilikimaliza. Nimeanza kingine, kwenye meza ileile, na hajaniuliza.